Nusu ya Jeshi la Roma Haikuwa ya Warumi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninacheza mchezo wa kompyuta wa Rome: Total War, na nimechoka kushinda kwa kujaza jeshi vikosi bora tu. Nimejiwekea masharti yafuatayo: kila jeshi liwe na vikosi vinne vya hastati, vinne vya prinsipe na viwili vya triari (mistari ya kwanza, ya pili na ya tatu ya askari wa miguu wa Kirumi), pasiwe na mamluki wala wapiga mishale, na baada ya mageuzi ya Marius, tukio la mchezo linalobadilisha jeshi la Kirumi, nihamie kohoti tupu, yaani vikosi vya lejioni, jeshi la raia wa Roma. Je, masharti haya yanakaribia historia? Na nikishindwa vita vikubwa, nirudie mchezo kutoka nilipohifadhi au niendelee?

Jibu: Marahaba. Uwiano wako wa mistari mitatu ni sahihi, na hilo peke yake linakutangulizia mbele ya wachezaji wengi. Kosa liko mahali pengine, na ni kubwa zaidi: umeunda jeshi la Warumi watupu, ilhali katika kipindi chote kinachosimuliwa na mchezo huo, tangu mwaka 270 K.K. hadi mwaka 14 B.K., majeshi ya Roma yalikwenda vitani yakiwa na watu wa mataifa mengine ubavuni, na mara nyingi watu hao walikuwa nusu ya jeshi au zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu hastati, hesabu kwanza wasio Warumi.

Shahidi wetu mkuu ni Polybius, Mgiriki aliyepelekwa Roma kama mateka baada ya Makedonia kushindwa huko Pydna mwaka 168 K.K., akapata kuwa rafiki wa Scipio Aemilianus na kuliona jeshi la Kirumi kwa karibu. Katika kitabu chake cha sita anaeleza kwamba lejioni ya kawaida ilikuwa na askari wa miguu 4,200: hastati 1,200, prinsipe 1,200, triari 600 na veliti 1,200 (askari wepesi wa kurusha mikuki), pamoja na wapanda farasi 300, na kwamba wakati wa hatari kubwa idadi ya askari wa miguu ilipandishwa hadi 5,000. Hapo ndipo wachezaji wengi hufunga kitabu. Polybius, hata hivyo, anaendelea kusema kwamba washirika wa Italia walitoa askari wa miguu karibu sawa na wale wa Roma, na wapanda farasi mara tatu zaidi. Lejioni mbili za konsuli, yaani kiongozi mkuu aliyechaguliwa kwa mwaka mmoja, zilikaa katikati, na washirika wakakaa pande mbili; ndiyo maana kila kundi lao liliitwa ala, neno la Kilatini lenye maana ya bawa, ambalo msomaji wa Kiswahili asilichanganye na ala ya panga.

Sasa tuingize hesabu hiyo katika nafasi 20 ambazo mchezo huzitoa kwa kila jeshi. Jeshi zima la konsuli haliingii humo bila kubanwa sana, kwa hiyo mimi huchukulia kwamba nafasi 20 ni nusu yake, yaani lejioni moja na bawa moja. Jemadari na walinzi wake wa farasi huchukua nafasi moja, nami huwahesabu kuwa ndio wapanda farasi wa Kirumi. Hastati wawe vikosi viwili, prinsipe viwili, triari kimoja na veliti viwili. Hivyo ni saba, na uwiano wa 2:2:1:2 ni ule ule wa Polybius bila kupunguza wala kuongeza. Kisha weka vikosi saba vya miguu vya washirika, ukivipanga kwa mfano huo huo, na vikosi vitatu vya farasi vya washirika. Jumla ni 18. Konsuli anapokwenda vitani, aongoze majeshi mawili ya namna hii yakitembea bega kwa bega, moja likiwa chini yake mwenyewe na jingine chini ya msaidizi wake, yaani legati. Utaona mara moja kwamba wapanda farasi wa Kirumi ni wachache mno na kwamba usalama wa ubavu wako umo mikononi mwa watu usioweza kuwaita raia. Ndivyo ilivyokuwa.

Katika bawa hilo, chagua kikosi kimoja cha miguu na kimoja cha farasi vilivyo bora kuliko vingine, uvikalishe karibu na jemadari. Polybius anasema kwamba theluthi ya wapanda farasi wa washirika na moja ya tano ya askari wao wa miguu walichaguliwa kuambatana na konsuli, nao wakaitwa extraordinarii. Kikosi kimoja cha farasi kati ya vitatu ni theluthi kamili. Upande wa miguu hesabu inapungua kidogo, nami sioni sababu ya kukosa usingizi kwa ajili hiyo.

Utauliza: nitawapata wapi washirika, ikiwa mchezo wenyewe hauna vikosi vyenye jina hilo? Jibu liko kwenye ramani. Kati ya koo tatu za Kirumi za mchezo, ukoo wa Julii unaanza ukiwa na Arretium na Ariminum, Brutii wana Tarentum na Croton, Scipii wana Capua na Messana, na mji wa Roma wenyewe uko mikononi mwa seneti. Ukiangalia kwa jicho la historia, hakuna hata mmoja kati ya miji hiyo sita uliokuwa mji wa raia kamili wa Roma mwanzoni mwa kipindi hicho. Arretium ulikuwa mji wa Waetruski wenye mkataba na Roma. Tarentum ulikuwa mji wa Wagiriki uliosalimu amri mwaka 272 K.K.; watu wa Capua walikuwa na uraia usio na haki ya kupiga kura; na Ariminum ulianzishwa kama koloni la Kilatini mwaka 268 K.K., miaka miwili baada ya zamu ya kwanza ya mchezo. Kwa maana hiyo hastati unaowaandikisha Arretium katika zamu ya kwanza ni washirika tayari, hata kama kadi yao imechorwa kama ya Warumi! Sharti langu basi ni hili: teua mji mmoja wa Italia uwe chemchemi ya raia, andikisha huko vikosi saba vya lejioni, na vikosi vya bawa vitoke katika miji mingine ya Italia. Kikosi cha bawa kikipungua watu, kirudi kujazwa katika mji kilikotoka; usikijaze Ugiriki au Hispania kwa sababu tu kuna kambi ya mafunzo karibu. Sharti hili moja litakupunguzia kasi ya ushindi kuliko mengine yote, kwa sababu kila vita vya ng'ambo vitakudai meli na muda. Ikiwa una moyo wa kuweka modi, yaani nyongeza ya mchezo iliyotengenezwa na wachezaji, ile ya Europa Barbarorum imewapa Waitalia vikosi vyao wenyewe na kukuondolea kazi ya kujifanyisha.

Nafasi mbili zilizobaki kati ya 20 ndizo zinazonifanya nipinge sharti lako la kukataza mamluki na wapiga mishale. Ni kweli kwamba raia wa Roma hawakusifika kwa upinde. Lakini wakati wa vita vya Hannibal, jemadari wa Karthago, mfalme Hiero wa Syracuse aliipelekea Roma wapiga mishale na wapiga teo 1,000. Huko Zama, mwaka 202 K.K., Masinissa, mfalme wa Numidia katika Afrika ya Kaskazini, alimjia jemadari wa Roma Scipio Africanus na Wanumidia 6,000 wa miguu na 4,000 wa farasi, na wapanda farasi hao ndio waliorudi kuwapiga askari wa Hannibal mgongoni. Na Caesar, alipokuwa Galia mwaka 57 K.K., alikuwa na Wanumidia, wapiga mishale wa Krete na wapiga teo wa visiwa vya Baleari. Kwa hiyo usikataze, wekea mpaka. Nafasi mbili kwa kila jeshi, wala si zaidi, na ziwe za watu ambao una mkataba na dola yao au unaishika ardhi yao. Ukitaka Wanumidia, mtume kwanza mwanadiplomasia wako Numidia. Mamluki anayeokotwa njiani kwa fedha, bila mkataba wowote na watu wake, ndiye wa kukataa.

Kuna vitu vingine vya kufuta bila majadiliano: mbwa wa vita, nguruwe wa moto, na mitambo mizito ya kurusha mawe katika mapigano ya uwandani. Mitambo iende kwenye mazingiwa tu.

Kuhusu uongozi hukuuliza, lakini hapa ndipo mchezo unapodanganya kwa utulivu zaidi. Unakupa ukoo wenye majimbo na majeshi yake, na kijana akitimiza miaka 16 anaweza kukabidhiwa askari siku hiyo hiyo. Roma halisi ilichagua makonsuli wawili kila mwaka, na chini yao mapraeta, ambao walikuwa wanne tangu mwaka 227 K.K. na sita tangu mwaka 197 K.K. Kwa kuwa mchezo una zamu mbili kwa mwaka, mtu angesema jemadari abadilishwe kila baada ya zamu mbili. Nilijaribu hivyo, nikajikuta majemadari wangu wote wako barabarani, mmoja akienda Hispania na mwenzake akirudi, bila yeyote kuvuta upanga. Kasi ya kutembea kwenye ramani ni ndogo mno kwa sharti hilo. Nafuu yake ilikuwako katika historia yenyewe: tangu mwaka 326 K.K., Publilius Philo alipokuwa ameuzingira mji wa Neapolis, Warumi walianza kumwongezea kamanda muda ili amalize kazi aliyoianza. Basi ndani ya Italia badilisha jemadari kila mwaka bila huruma, hata kama aliyepo ana nyota kumi za uongozi na anayekuja ni mzito wa kichwa. Ng'ambo, mpe muda hadi vita aliyotumwa iishe, kisha arudi nyumbani na asipewe jeshi jingine kwa miaka kumi. Asiyefikisha miaka 30 asiongoze jeshi, isipokuwa mara moja tu katika kampeni nzima, na hiyo iwe pale majemadari wako wawili wamekufa katika uwanja mmoja wa vita. Ndivyo Scipio alivyopewa Hispania mwaka 210 K.K. akiwa na umri wa miaka 25 hivi, baada ya baba yake na ami yake kuuawa huko.

Idadi ya majeshi nayo ina kipimo. Kabla ya Hannibal, lejioni nne kwa mwaka, mbili kwa kila konsuli, ndizo zilizokuwa kawaida, na vita vile vikazipandisha hadi zaidi ya 20. Wewe anza na nne, yaani majeshi manne ya nafasi 20 kwa hesabu yetu, na uongeze moja tu kila unapopata jimbo la ng'ambo linalohitaji kulindwa mwaka mzima. Hazina ikijaa fedha, jenga barabara.

Uwanjani, panga veliti mbele, hastati mstari wa kwanza, prinsipe wa pili ukiwaelekeza kwenye mapengo ya mstari wa kwanza kama miraba ya ubao wa drafti, na triari nyuma ya wote. Bawa la washirika lipangwe hivyo hivyo kando ya lejioni. Usiwaguse prinsipe mpaka hastati wameyumba, na usiwaguse triari mpaka prinsipe wameyumba. Warumi walikuwa na msemo kwamba jambo limefika kwa triari, wakimaanisha kile ambacho sisi tungesema maji yamefika shingoni, kwa hiyo vita ambavyo triari wako wanapigana kila mara ni vita unavyoviendesha vibaya. Hata hivyo usijifunge kiasi cha kukataa akili ya papo kwa papo. Huko Cynoscephalae, mwaka 197 K.K., tribuni mmoja, yaani ofisa wa lejioni, ambaye jina lake halikuhifadhiwa alichukua manipuli 20 (vikosi vidogo vya lejioni) kutoka upande uliokuwa ukishinda, akazigeuza na kuipiga falanksi ya Wamakedonia, yaani safu yao nzito ya mikuki mirefu, kwa nyuma. Mpango wa mistari ulimruhusu kufanya hivyo kwa sababu askari wa nyuma walikuwa hawajatumika. Kitu ninachokataza ni ile tabia tuliyo nayo wachezaji wote ya kumtumia jemadari na walinzi wake kama nyundo, wakizunguka nyuma ya adui vita baada ya vita. Marcellus alimuua mfalme wa Wagalia kwa mkono wake mwaka 222 K.K., na mwaka 208 K.K. akauawa kwenye shambulio la kuvizia akiwa konsuli. Ukimtuma jemadari kwenye mikuki, kubali hatima zote mbili. Kiwango cha ugumu wa mapigano kiache katika hali ya kawaida, kwa sababu ukikipandisha mchezo unamwongezea adui nguvu zisizo na asili katika historia, na uwiano wote tulioupanga unapoteza maana.

Sasa nije kwa Marius, jemadari wa Kirumi ambaye mchezo umemfanya kuwa kama swichi ya taa. Tukio lile huwashwa mtu anapojenga kasri la kifalme katika mji mkubwa wa Italia, na mchezaji hodari huweza kulifikia zaidi ya miaka 100 kabla ya wakati. Alichofanya Marius kwa hakika mwaka 107 K.K. ni kuwaandikisha raia wasio na mali kwa ajili ya vita dhidi ya Jugurtha, mfalme wa Numidia. Kohoti zilikuwapo kabla yake. Polybius anazitaja katika vita vya Ilipa huko Hispania, mwaka 206 K.K. Wanahistoria wengi wa sasa hawaamini tena kwamba kulikuwa na mageuzi ya siku moja yaliyotoka kichwani mwa mtu mmoja. Wanaona mabadiliko ya polepole yaliyochukua vizazi. Sharti lako liwe kutojenga kasri hilo kabla ya mwaka 107 K.K. Tatizo ni kwamba koo nyingine za Kirumi zinazoongozwa na kompyuta zinaweza kukuwahi, na tukio likishatokea hutaweza tena kuandikisha hastati. Hapo usilalamike: tumia kohoti mpya kwa mpangilio wa zamani, mistari mitatu na bawa la washirika, mpaka tarehe ifike.

Tarehe yenye uzito zaidi kwako, kwa maoni yangu, ni mwaka 90 K.K. Washirika wa Italia walikuwa wameasi mwaka uliotangulia wakidai uraia, na sheria ya Julia ikaanza kuwapa wale waliobaki waaminifu. Baada ya vita hivyo bawa la Kiitalia likatoweka, kwa sababu Mwitalia akawa Mrumi na akaingia lejioni. Pengo lile likajazwa na Wagalia, Wajerumani, Wahispania na Watrakia. Wewe ulitaka kuhamia kohoti tupu, lakini hapo ndipo unapotakiwa kuwa na wageni wengi zaidi. Kwa miaka ya mwisho ya mchezo mimi hutumia jemadari mmoja, vikosi tisa vya lejioni, vitano vya auksilia (askari wasaidizi wasio raia) wa miguu, viwili vya wapiga mishale na vitatu vya farasi vya majimboni. Kohoti za mji, ambazo mchezo umezifanya kuwa askari wa miguu wa kutisha kuliko wote, kazi yake ilikuwa kulinda amani ya mji wa Roma; ziache huko huko. Walinzi wa pretori nao, yaani walinzi wa kaisari, waliokuwa kohoti tisa chini ya Augustus, watoke tu pale anayeongoza ni kiongozi wa ukoo wako.

Ikiwa unaona wageni kumi kati ya 20 ni wengi, fikiria mambo mawili. Mwanahistoria Tacitus anaeleza kwamba mwaka 23 B.K. Roma ilikuwa na lejioni 25, na kwamba nguvu ya auksilia ilikuwa karibu sawa na hizo. Na baba mkwe wake Agricola, huko Mons Graupius katika Skotilandi ya leo, aliweka auksilia 8,000 wa miguu katikati na wapanda farasi 3,000 pembeni, akaziacha lejioni nyuma bila kupigana kabisa. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili amekwisha kukutana na askari wa aina hii bila kuwatambua: katika Matendo ya Mitume, sura ya 23, jemadari wa Yerusalemu anawaita maakida wawili na kuagiza askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200 wampeleke Paulo Kaisaria usiku. Uyahudi wa wakati huo haukuwa na lejioni. Zile kubwa zilikaa Shamu, na ulinzi wa kila siku ulikuwa wa auksilia. Chukua mfano huo kwa miji yako ya mpakani: kohoti moja ya auksilia na wapanda farasi wachache katika mji, na lejioni moja nyuma yao, mwendo wa zamu kadhaa, ikiwatazama watu wa majimbo matatu.

Limebaki swali lako la mwisho, na jibu ni kwamba usirudie mchezo. Huko Cannae, mwaka 216 K.K., lejioni nane pamoja na washirika wao ziliangamizwa na Hannibal kwa siku moja, na konsuli Aemilius Paullus akafa. Roma iliwanunua watumwa 8,000 kwa fedha za umma ikawafanya askari, na seneti ikakataa kuwakomboa waliotekwa. Ukipoteza jeshi zima, ruhusu mambo mawili ambayo kwa kawaida umeyakataza: andikisha vikosi vya hadhi ya chini kabisa vinavyopatikana bila kujali uwiano, na ongeza jeshi moja juu ya idadi yako. Mabaki ya jeshi lililoshindwa usiyachanganye na vikosi vingine wala usiyarudishe Italia. Walionusurika Cannae walipelekwa Sisilia wakae huko kama adhabu, na mwaka 204 K.K. Scipio akawachukua kwenda nao Afrika. Wako nawe waende Sisilia, wakae pungufu vivyo hivyo bila kujazwa, na siku utakayovuka bahari kuishambulia Karthago, wawe wa kwanza kupanda meli.